Amina ya Mzee Vioo

Kwenye maabara ya zahanati yetu tulikuwa wawili tu: mimi nilipokea vikopo na malalamiko ya wagonjwa, yeye alipima. Tulimwita Mzee Vioo, ingawa hata hamsini alikuwa hajafika, kwa jinsi alivyovishika vile vioo vya kupakia damu kama mtu aliyebeba mayai.

Mwaka ule alizimika. Sina neno jingine. Hakufiwa, mkewe alikuwa mwema, watoto wazima. Kanisani, alikozoea kusoma Neno kwa sauti ya kutikisa madirisha, alihamia benchi la nyuma kabisa. Siku moja nikamwambia, "Kaka, changamka bwana, maisha ndiyo haya haya." Akanitazama. "Dada, sioni kwa nini niamke kesho." Mdomo wangu huu! Naona aibu mpaka leo.

Kila asubuhi saa mbili mama yake alimpigia simu. Mikono ya Mzee Vioo ilikuwa kwenye glavu, kwa hiyo mimi ndiye niliyembonyezea spika. Mama alimwombea kwa kifupi, kisha akasubiri amina. Kimya. Tuliwasikia hata kuku wake wakiparua uani. "Haya, baba," alisema bila kinyongo, "ikiwa tayari utaniletea." Ikawa hivyo miezi minne. Mimi, ambaye maji yakichelewa kuchemka nanuna, nilimshangaa mama yule.

Kisha ikaletwa hadubini mpya. Ilitakiwa kujaribiwa kwa damu mbichi, na Mzee Vioo akanitazama mimi. Mimi na sindano ni paka na panya. Nikakumbuka ghafla kwamba nina kazi mapokezi. Akavua glavu moja, akajidunga kidole chake mwenyewe.

Niliporudi nilimkuta ameinama, hata kupumua kama amesahau.

"Njoo uone."

Nikaona chembe nyekundu zimetulia tuli, nyingi ajabu. Katikati yake palikuwa na moja nyeupe, kubwa, na ilikuwa inatambaa. Kweli inatambaa! Ilinyoosha upande mmoja, ikajivuta, ikapenya kati ya wenzake, ikageuka.

"Inafanya nini?"

"Inatafuta chochote cha kunidhuru, ikimeze." Akainama tena kwenye hadubini. "Miaka ishirini napima damu za watu, dada, nyingi zimeshakauka kwenye kioo. Hii ni yangu, na iko hai. Mimi nimeshajikatia tamaa. Nani amemwambia huyu aendelee?"

Nilijiona kama nimeingia patakatifu na viatu vyangu vya vumbi. Niliinama tena kuangalia, na ile chembe ilikuwa bado safarini, haina habari na sisi.

"Hajaniacha," alisema polepole. "Nilidhani Mungu ameniacha."

Hakupona siku ile, nisije nikawadanganya. Alivua glavu iliyobaki, akanawa, akasema anakwenda chumba namba tatu kumweleza daktari kila kitu. Alikwenda kweli, na dawa na mazungumzo ya kila wiki vilichukua mwaka mzima. Lakini kwanza alichukua simu, akabonyeza spika mwenyewe kwa mazoea.

"Mama."

"Kuna nini? Mbona saa hizi?"

"Amina."

Kuku wakaparua.

"Ya leo, baba, au na zile za nyuma?"

"Zote, mama."

Upande wa pili sufuria ilianguka kwa kishindo, na hatukumsikia mtu akiiokota.