Mume wangu alimuaga baba yangu kwenye kompyuta

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, maana Sumbawanga ni ndogo na wifi zangu wote wako humu wanasoma. Mimi ni mama wa miaka 31, Mfipa wa kijiji cha Mwazye, nashona nguo hapa Mazwi. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, mtumishi kwenye ofisi moja hapa mjini. Tuna mtoto mmoja. Hanywi, hanipigi, wanawake wa nje sijawahi kusikia. Mimi ninayeshindana naye ni ndege.

Siyo ndege za kweli jamani. Kuna mchezo kwenye kompyuta ambao watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja nyumbani kwake, wanarusha ndege, na mume wangu akiwa sebuleni kwetu anawaongoza kwa mdomo kama wale wa kwenye mnara wa uwanja wa ndege. Anavaa hedifoni, anaongea Kiingereza taratiiibu: wewe subiri, wewe shuka, wewe pinda kushoto. Nikimwita chakula kimeiva ananyoosha kidole nisubiri, utadhani kuna abiria watakufa. Nilishazoea. Nilikuwa nawaambia wenzangu afadhali ndege kuliko baa.

Mwaka huu baba yangu akafariki, ulezi ukiwa ndiyo unavunwa. Tukaenda wote Mwazye. Siku ya mazishi asubuhi mume wangu akanivuta pembeni, akasema wamempigia kutoka ofisini, kuna dharura, atarudi kabla ya kuzika. Akawasha pikipiki, huyoo.

Saa nane hajarudi, simu hapokei. Makaburini watoto tukaweka mashada, wajukuu wakaweka, msoma ratiba akaita, "Mkwe wetu kutoka Sumbawanga asogee." Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Watu wote wakanigeukia mimi. Kaka yangu mkubwa akalichukua lile shada akaliweka mwenyewe, wala hakunitazama. Aibu niliyoipata pale sijui niieleze vipi. Jioni mama akaniuliza, nikamtetea mume wangu: "Mama, ni kazi ya serikali, angefanyaje?" Mama akasema, "Haya, Mungu anajua."

Baada ya matanga nikarudi mjini nimejiandaa kugomba. Nikamkuta amepika kabisa, anatabasamu. Akanikalisha kwenye kiti chake akasema, "Mama nanii, kuna kitu nataka uone. Usiseme neno mpaka kiishe."

Ilikuwa ni video ya ule mchezo. Saa ileile tuliyokuwa tunamshusha baba, mume wangu alikuwa sebuleni anapanga ndege angani. Mholanzi, Mbrazili, kijana wa Nairobi, sijui na nani tena, mstari mrefu, zinapita juu ya Mwazye moja baada ya nyingine kumuaga baba yangu. Namsikia anataja jina la baba, sauti inakatika, analia. Na wale watu wanampa pole, kila mmoja na lafudhi yake. Kwetu msibani hakutoa chozi! Chozi lake alienda kuwapa watu wa kwenye hedifoni. Na huko chini ya ndege, kwenye huo mchezo, Mwazye yenyewe haipo, ni nyasi kavu tu na vilima. Kanisa hakuna. Nyumba ya baba hakuna.

Nikamuuliza, "Ofisini walikuita?"

"Ningekwambia ukweli ungeniruhusu?"

"Walikuita kaburini mara mbili! Kaka ndiye aliyeweka shada lako!"

Akasema, "Shada kila mtu anaweka. Mzee kila tukienda alikuwa ananiuliza, mkwe, leo umeshusha ndege ngapi? Kwenu wote ni yeye tu aliyekuwa ananisikiliza. Hii nani mwingine angempa?"

Na kweli baba alikuwa anamuuliza, wanacheka wawili hadi uji unapoa. Ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri, nabaki na uchungu tu.

Sasa arobaini imekaribia. Anataka aende na kompyuta, aonyeshe ukoo mzima ile video, eti wakiiona wataelewa. Kaka zangu waelewe nini? Wataivunjia kichwani kwake, na mama atajua ile dharura niliyoitetea ilikuwa uongo mtupu. Nimemwambia kompyuta aiache, aende apige magoti kwa mama aombe msamaha. Amekataa katakata. Anasema hawezi kuomba msamaha kwa heshima aliyompa mzee. Kaka naye kanipigia: "Kama haji kuomba radhi, njoo peke yako, na ubaki hukuhuku."

Juzi tukiwa tunakula nikamuuliza, "Na siku nikifa mimi, utakuwa wapi?" Nilitaka aseme kaburini. Neno hilo moja lingenitosha, haki ya Mungu ningemsamehe palepale. Akafikiri kidogo, akanishika mkono kwa upendo kabisa, akasema, "Wewe nitakuandalia kubwa kuliko ile."

Wanaotaka kucheka wacheke, nimeshazoea kuchekwa. Ila ninyi mlioko kwenye ndoa nawaomba mnishauri: niendelee kuishi na mtu huyu, au niende arobaini na mtoto wangu na begi langu, nisirudi tena?