Jino la Kibibi

Kibibi alikwishaaga mara mbili kwamba anakwenda kung'oa jino, na mara zote mbili alirudi na meno yake yote mdomoni. Jino gani hilo! Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kiwanda cha sare, ambako alitafutwa mkataji mmoja wa vitambaa. Kwanza walimpa mtihani wa kuandika, akapita. Wakamwita tena, wakampa mkasi na kitambaa cha mistari, akakata, akapita. Leo ilibaki kamati, na walioitwa ni yeye na mwanamume mmoja mrefu, ambaye alitoka chumbani anapangusa jasho shingoni.

Mjomba wake hakuambiwa kitu. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kazi, na Kibibi hakuwahi kufanya kazi kwingine ila kwenye duka lake la ushonaji. Mwanamke mzima, mvi za kwanza zishachomoza, bado analala chumba cha nyuma ya duka na kuulizwa anakwenda wapi. Alitaka chumba chake na ufunguo wake. Aliitaka kazi hii mpaka akaiota usiku.

Fomu ya kazi ilikuwa imedai namba ya mwajiri wa mwisho. Akaandika ya duka, na asubuhi kabla ya kutoka akamfuata mke wa mjomba jikoni.

"Mama, leo wakipiga pokea wewe. Chondechonde."

"Niachie mimi," mama akamwambia. "Huyo mzee simu hata ikilia mfukoni mwake haigusi."

Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliuliza maswali yake yote, Kibibi akajibu vizuri tu. Kisha mama yule akaiweka simu mezani na kufungua spika. "Tumpigie mwajiri wako hapahapa."

Simu ikaita. Ikaita tena. Kibibi alibana viganja katikati ya magoti.

"Haloo! Nani?"

Lahaula! Sauti ya mjomba. Kumbe mke wa mjomba katoka kidogo kwa jirani, na maneno yamemnogea huko. Mwenyekiti alijitambulisha, akaeleza habari za kiwanda na nafasi yenyewe. Cherehani iliyokuwa ikisikika upande wa pili ikanyamaza.

"Huyo hafai," mjomba akasema. "Mvivu. Mzito kama gunia la mchanga. Akikata, anapinda. Msijisumbue naye, nirudishieni."

Uongo mtupu! Mzee mzima, bila hata haya! Machozi ya hasira yalimlengalenga Kibibi, akataka kupiga kelele. Mjumbe mmoja alishaanza kufunga faili.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Mzee, kama ni mvivu na anapinda, unamtakia nini?"

Mzee akakohoa. Sauti iliporudi, ilikuwa imeshuka.

"Nani atanikatia? Mimi mstari siuoni tena."

Simu ikakatwa.

Kibibi hakulijua hilo. Tangu mvua zilizopita mjomba alimwachia kukata kila kitu, naye akadhani mzee ameanza kujidekeza.

"Jumatatu unaweza kuanza?" mwenyekiti aliuliza taratibu.

Angesema hapana, nani angemlaumu?

"Ndiyo," akasema, na neno lenyewe lilimuuma.

Dukani alimkuta mjomba peke yake, kitambaa cha bluu mapajani.

"Jino vipi?"

"Hakukuwa na jino, mjomba."

"Najua. Mwenye jino bovu hatafuni karanga vile."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mteja alikuona langoni pa kiwanda."

"Mbona hukunizuia? Jumatatu naanza kazi."

Mjomba alikipapasa kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Nilidhani watakukataa."

Hilo lilimchoma kuliko matusi yote ya simuni. Kibibi alisimama pale mlangoni, mkoba bado begani, akimtazama mtu aliyemlea. Alitamani kuondoka hapohapo. Badala yake aliuweka mkoba chini, akakitandaza kitambaa mezani, akachukua chaki na kuchora mstari wa kukatia. Akaurudia, na kuurudia tena, mpaka ukawa mnene kama kidole.

"Huu je?"

Mjomba aliinama mpaka pua ikakaribia meza.

"Huo nauona," akasema, akanyoosha mkono apewe mkasi.