Mahali pa Giza

Ulimi hauna mfupa, na ulimi wetu sisi wa Matulo hata l na r hautofautishi. Watu hutucheka, nasi hucheka nao. Tangu jana mimi sicheki.

Napenda kupiga picha za nebula, yale mawingu hafifu yaliyo katikati ya nyota. Vifaa vyangu ni vya mtu wa kipato kidogo: kamera ya mtumba, na mbao mbili nilizoziunga kwa bawaba ya mlango ili kamera ifuate nyota polepole. Lakini Kitale ninakopanga, taa za kituo cha mafuta zinafuta kila kitu. Mwenzangu wa ofisini, binti wa Sirisia, akaniambia kwao kuna giza totoro. Akanipa namba ya baba yake.

"Mzee," nikamwambia kwa simu, "naomba nije Jumamosi tuongee maneno ya mahali." Ndivyo nilivyodhani nimesema.

"Karibu sana, mwanangu!"

Nilipofika mchana, nikawakuta baba wadogo wa mwenzangu wamevaa makoti. "Umekuja peke yako? Vijana wa siku hizi!" wakanitania. Nikawekewa firigisi ya kuku. Kwetu firigisi hapewi mtu ovyo, ni ya mkwe au mgeni wa heshima, na mimi, mjinga, nikaila yote nikalamba na vidole.

Ndipo mwenzangu akaingia, nywele amesuka upya, macho chini. Ofisini hunitazama usoni na kunitukana vizuri tu.

"Haya," mzee akasema, "fungua mfuko tuone ulichotuletea."

Zikatoka mbao na bawaba.

"Ati hii ni mahari gani, bana?" baba mdogo mmoja akauliza.

"Nilisema mahari, mzee, si mahari!" Ulimi ukanisaliti tena. "Pahari pa giza! Pa kupigia picha za nyota!"

Waliponielewa, hakuna aliyecheka. Binti akakusanya sahani akatoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee, muungwana yule, akasema bado naweza kutumia shamba lake. Ningewezaje, na firigisi yao iko tumboni mwangu? Nikafunga mfuko nikaaga.

Binti akanisindikiza mpaka langoni, kwa adabu tu.

"Baba aliniuliza kama nimekubali," akasema. "Nikadhani nyota ni kisingizio chako. Nikamwambia ndiyo."

Akafunga lango. Kesho ni Jumatatu, na meza zetu zinatazamana.