Nilimpulizia Mkwe Wangu Dawa Getini

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na jina langu naomba libaki mfukoni mwangu. Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu duniani kingeweza kumshangaza. Tetemeko lilipoutikisa mji wa Bukoba nilikuwa kwa kinyozi, nikamwambia amalizie upande wa pili. Mnyauko ulipofyeka migomba ya majirani, mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye kahawa. Nilianza kwa kusukuma baiskeli ya ndizi kutoka Muleba, darasa la nne sikulimaliza, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi mjini na nyumba Nshambya yenye geti la kuteleza. Wenye digrii wananiita bosi!

Lakini koti la mzee mmoja lilinishangaza. Jamani!

Ilikuwa kipindi kile cha korona. Mnakumbuka tulivyoishi? Kusalimiana ni kwa viwiko au kwa kugonganisha viatu. Msibani watu wanakaa mbalimbali kama wamegombana. Lubisi, pombe yetu ya ndizi ambayo tulizoea kuinywa kwa mirija kutoka kibuyu kimoja, kila mtu akaja na kikombe chake na kukishikilia kifuani. Kila mlango una ndoo yenye koki na kipande cha sabuni.

Majirani walikuwa na ndoo. Mimi ningewezaje kuwa na ndoo kama majirani?

Nikachukua bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa kwenye mibuni, nikalisuuza, nikatia klorini, ile ya kung'arisha mashuka. Mke wangu, mama Koku, akaniambia, "Nesi alisema kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Tena ni ya kufutia vitasa, si ya watu."

"Kifuniko ni kwa wenye geti la mabati," nikamjibu. Nikamimina chupa nzima.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinanisubiri. Binti yangu Koku (hilo si jina lake) alikuwa amepata mchumba, kijana mtulivu wa upande wa Rubya. Siku hiyo hiyo ndiyo watu wa kwao walikuwa wanakuja kuposa. Kwa sababu ya ugonjwa walikuja watatu tu: baba wa kijana, shangazi yake, na mshenga wao, mtu mwenye mdomo kuliko redio.

Mzee alivaa kanzu na juu yake koti jeusi. Nilivyoliona nilijua ni koti lililotunzwa. Limenyooshwa hadi linang'aa.

"Hodi waitu!" mshenga akaita kwa adabu ya Kihaya. "Tumepita tukaona ua zuri, tukasema tuulize mwenyewe!"

"Simameni hapo hapo!" nikapaza sauti ndani ya barakoa. Bomba liko mgongoni. "Fumbeni macho, nyoosheni mikono!"

Mshenga akanitazama. "Bosi, sisi ni wageni. Si mibuni yako."

"Kwangu hakuna anayepita bila kupuliziwa! Hata angekuja nani!"

Yule mzee akasema taratibu, "Ndugu yangu, koti hili ndilo nililo nalo. Nililifungia ndoa. Nilivue kwanza niliache kwenye gari?"

Ningesema ndiyo, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini majirani walikuwa wamepanga foleni kwenye ua wao wanachungulia, na mimi mbele ya watazamaji huwa naharibika kichwa.

"Korona haichagui koti la harusi wala la kulimia!" nikasema. Majirani wakacheka. Kicheko kilinipandisha. Nikampulizia mzee wa watu bega la kushoto, bega la kulia, mgongo, nikarudia na mbele.

Tukaingia ndani. Viti nimeviweka mbalimbali, kila kimoja kwenye kona yake. Nikawakaribisha kahawa ya kutafuna, mazungumzo yakaanza vizuri tu. Mshenga akawa anatupa maneno yake, shangazi anacheka.

Mara shangazi akaacha kucheka. "Kaka, bega lako lina nini?"

Tukatazama wote. Bega la kushoto lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukiwa tunatazama, na la kulia likaanza. Mabaka yakashuka kifuani, mekundu, ya manjano, kama kuna mtu asiyeonekana anampaka rangi. Koti jeusi lilikuja kwangu, na sasa kwenye kiti kaketi kanga!

Mzee aliinamisha kichwa akawa anasugua baka moja kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayefuta vumbi.

Hapo ndipo nilipokosea kweli. Ya getini mtu angesema ni ujinga. Lakini kinywa changu, badala ya kuomba radhi, kikasema, "Labda rangi yake ilikuwa ya bei rahisi."

Mungu wangu! Nilisema hivyo! Kwa baba mkwe wa mwanangu!

Mzee akasimama. Koku ndiyo kwanza anaingia na sinia la matoke. "Mwanangu," mzee akamwambia, "asante kwa chakula. Tutakula siku nyingine." Wakatoka. Mahari haikutajwa hata nusu sentensi.

Koku akaweka sinia mezani. "Taata, umewafukuza watu wangu kwa bomba?"

Tangu siku hiyo akawa anavaa barakoa hata ndani ya nyumba. Akiniona tu, anaipandisha hadi machoni. Mama yake akaiga. Nikawa naishi na macho manne.

Na mjini? Mnadhani majirani walinyamaza? Mteja anakuja dukani kununua misumari, anasimama mlangoni, anafumba macho na kunyoosha mikono. "Nipulizie, bosi, ndipo niingie!" Fundi mmoja aliniuliza kama nauza na makoti yenye madoa, au hayo ni ya wakwe tu.

Nilivumilia yote. Ila jioni moja nilimsikia Koku jikoni analia, anamwambia mama yake kwamba kijana hapokei tena simu. Nikampigia mshenga.

"Mzee ana sharti," akasema, na nilimsikia anazuia kicheko. "Uje Rubya. Gari uliache barabarani. Utembee hadi kwake ukiwa umebeba bomba lako mgongoni."

"Lina dawa?"

"Tupu. Tunakufahamu."

Nikaenda. Mimi, mwenye geti la kuteleza! Nilipita katikati ya vibanja vya migomba vya watu na bomba linagonga mgongoni, tup, tup, na mbuzi nimemshika kwa kamba. Akina mama waliacha kupalilia. "Unakwenda kupulizia wapi, waitu?" Nikajibu naenda kupuliziwa.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Amevaa lile lile koti! Analivaa hadi kanisani. Vijana wa kwaya wanamuuliza alilinunua wapi.

Akanionyesha ndoo na sabuni. "Nawa. Hapa kwetu mgeni ananawa mwenyewe."

Nikanawa. Akatoa kahawa, kila mtu kawekewa yake kwenye kipande chake cha jani la mgomba. Hakuna aliyegusa ya mwenzake, hakuna aliyedharauliwa. Na mimi nilidhani inahitajika mashine!

"Baba," nikasema, "koti lilikuwa zuri. Rangi ilikuwa nzuri. Kibaya nilikuwa mimi. Nitakushonea jipya."

Mzee alitafuna kahawa yake hadi ikaisha. Kisha akacheka mpaka mabaka yakatikisika. "Haya, tuongee mahari. Lakini usiipandishe ili urudishe pesa ya koti!"

Koku ameolewa na barakoa ameshusha. Ninyi wengine, ugonjwa ukija, nawishaneni kwa heshima. Dawa ya kitasa iwe ya kitasa. Na mtu akikwambia ana koti moja, liache lipite!

Mbuzi, lubisi ya kuombea radhi, mafuta ya gari, na fundi aliyeshona koti jipya: shilingi laki nne na elfu themanini na saba, na mia tano. Hiyo mia tano ni ya kifungo kimoja. Mzee alisema cha kwanza kilikuwa cha bei rahisi.