Mteremko wa Upande wa Reli

Watu wa Musonoi, mtaa wetu wa mgodi huku Katanga, watakuambia kwamba Barnabé Mianda alikuwa mwendawazimu. Usiwasikilize. Mwendawazimu nilimwita mimi, Rachelle, kila Jumapili, hadharani, kwa sauti ya kuuzia samaki, na haki hiyo nilikuwa nayo. Alimwoa dada yangu Huguette, kwa hiyo alikuwa shemeji yangu, na shemeji asiyetaniwa atadhani hapendwi. Hao wengine kazi yao ilikuwa kumpigia makofi, na nitakueleza makofi hayo yaliishia wapi.

Baba yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba ya kampuni, akamzaa hapa hapa Musonoi. Barnabé hakuwahi kuiona Kasai hata kwa kupita. Alikula bukari, ugali wetu, kama sisi, akasema Kiswahili chetu, na umri ulipofika akateremka chini ya ardhi kama baba yake. Alikuwa mpole, mtu wa kwaya ya parokia, na maneno yake ulikuwa unayangoja mpaka unachoka.

Kisha siku moja paa la njia ya chini likaporomoka. Barnabé alifunikwa na kifusi mchana kutwa pamoja na mwenzake wa zamu. Hawakuonana, ila walikuwa wanasikilizana wakipumua. Kabla waokoaji hawajafika, alibaki anapumua mmoja. Huguette alimpokea mume wake ana vumbi mpaka kwenye kope, hana hata mkwaruzo, akamshukuru Mungu akidhani yamekwisha.

Haukupita muda, Jumapili moja baada ya misa, Barnabé akasukuma baisikeli yake hadi juu ya kilima cha kifusi. Hicho ni kilima cha mawe na udongo ambao kampuni iliutupa nyuma ya mtaa wetu miaka na miaka, mpaka ukaupita mnara wa kanisa. Breki zote alikuwa amezing'oa. Chini ya kiatu cha kulia alishonea kipande cha tairi, na akitaka kupunguza mwendo anakanyaga gurudumu la nyuma, basi. Akajiachia. Vumbi lilipotulia tulimwona amesimama chini, mguu mmoja ardhini, anacheka kwa sauti. Tangu aokolewe sikuwa nimemsikia akicheka.

Kuanzia siku hiyo Musonoi ikawa na misa mbili kila Jumapili, ya padri na ya Barnabé, na ya Barnabé haikuwa na watu wa kusinzia.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo watu walilivumilia tu. Kabla ya kuteremka, Barnabé alikuwa anautembea mteremko kwanza kwa miguu, hata ule aliouzoea. Ananiachia mimi baisikeli pale juu, anashuka taratibu ameinama, na kila jiwe lililo kwenye njia ya gurudumu analitupa pembeni. Akifika chini anapitiliza, anaenda kuangalia mahali mwendo utakapomalizikia. Huguette alikuwa anashuka naye na kubaki huko huko. Kuangalia kutoka juu alikataa kabisa. "Mi nitamungojea kule anafikaka," alikuwa anasema. Ndipo Barnabé anapanda tena kwa miguu, jasho linamtiririka, watu wamechoka, jua limehama. Kutembea kulikula mchana. Kuteremka kwenyewe, ukipiga chafya umekosa.

Akiniachia baisikeli, ambayo sisi huku tunaiita kinga, alikuwa na neno lake moja.

"Shemeki, usiuzishe kinga yangu."

Na mimi nilikuwa na langu: "Nitaiuzisha, mwendawazimu weye! Nipatie dada yangu bwana mwingine! Bibi yako wa kwanza njo hii kinga, Huguette ni wa pili!"

Watu walikuwa wanangoja tufike hapo ili wacheke.

Siku moja nilimwuliza bila utani. Huguette alikuwa na mimba, na mimi nilikuwa nimejaa hasira.

"Juu ya nini unatafuta kufwa?"

"Shemeki, mi sitafute kufwa. Kule chini, siku ile, kufwa kulikuya kwenyewe, hakukuniuliza kitu. Tulikuwa kulala tu, tunangoja. Apa mi naona njia yote. Naitembea, naijua. Nikianguka, kosa itakuwa yangu mi mwenyewe."

"Na mutoto?"

"Mutoto njo sababu naokota majiwe."

Lilikuwa jibu zuri, lakini mwanamke mjamzito hashibi majibu. Sikumsemesha wiki nzima.

Mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Tshiela. Alikuwa bado anabebwa mgongoni ulipofika mwaka wa tisini na tatu.

Kampuni ilikuwa inakufa. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, na njaa ikataka mtu wa kulaumiwa. Wakubwa wa siasa wakatuonyesha Wakasai, hata waliozaliwa hapa kama Barnabé. Aliyekuwa jirani jana, leo anaitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wenye marungu na minyororo walipita nyumba kwa nyumba. Watu waliopokelewa na mkunga mmoja na mimi walikwenda kulala stesheni na magodoro yao, kwenye mvua, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao" wasikokujua, na watoto wao wakazikwa kando ya reli. Familia yetu ni ya kaskazini ya Katanga, hakuna aliyetugusa. Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Wajomba walimwambia Huguette abaki na mtoto, mume aende zake. Dada yangu akawajibu kwamba yeye hakuolewa na nusu ya mtu.

Barnabé alijificha nyumbani kwangu, nyuma ya magunia ya makaa. Asubuhi moja tukasikia honi kutoka stesheni, kichwa cha treni kimefika, na mtaa wote ukajua kwamba siku hiyo mabehewa yataondoka. Tulifunga mzigo mmoja juu ya baisikeli tukatoka wanne, pamoja na Tshiela. Hatukufika mbali.

Aliyetuzuia alikuwa Kalumba, mkubwa wa vijana wa mtaa. Kalumba huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi pale kilimani. Yeye mwenyewe aliwahi kujaribu kuteremka, akaishia katikati, akashuka anasukuma, watu wakamcheka. Cheko hilo hakulisahau.

"Barnabé! Weye hauogopake kitu, sivyo?" alisema, na vijana wake wakatuzunguka. "Leo utashuka upande wa reli. Ukifika muzima, beba bibi na mutoto, muende. Ukikataa, weye tunakumalizia apa apa, na mutoto anabakia kwetu."

Upande wa reli hakuna aliyewahi kuuteremka. Unasimama kama ukuta, na chini yake kuna mfereji wa saruji wa maji ya mgodi, kisha tuta la reli, na nyuma ya tuta ndiyo stesheni. Barnabé alishawahi kuutazama akatikisa kichwa. Alisema mwendo wa pale hauna pa kumalizikia.

Walitusukuma mpaka juu. Watu wakaja, wale wale wa Jumapili, wengine na watoto mabegani. Hakuna aliyepiga makofi. Barnabé alisimama ukingoni akatazama chini. Huguette alikuwa anamshika Tshiela miguu kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Nitashuka," Barnabé alisema. "Lakini natembea kwanza."

Kijana mmoja akainua mnyororo. Basi watu wenyewe wakaanza kupiga kelele: "Mumuache atembee! Sharti atembee kwanza!" Waliokuja kumwona anakufa walitaka afe kwa utaratibu wake.

Kalumba alimnyooshea Huguette kidole. "Na huyu?"

"Ule anangojeaka chini," nikasema. "Umesahau?"

Akafikiri, kisha akacheka. "Bon. Kinga inabakia apa. Barnabé hawezi kuacha kinga yake. Njo bibi wa kwanza, Rachelle, weye mwenyewe unasemaka."

Ni kweli, nilikuwa nasema, na baya zaidi, nilikuwa naamini. Nilijua atarudi, atapanda, na nitamwona akifa.

Barnabé akafungua mzigo, akampa Huguette, akaniwekea usukani mikononi. "Shemeki, usiuzishe kinga yangu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila Jumapili. Nilijibu maneno yangu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Wakashuka. Alikuwa anainama, anaokota, anatupa pembeni. Anainama, anaokota. Huguette alishuka nyuma yake akijishikiza kwa mkono, mtoto mgongoni. Walipofika katikati niliona kitu. Barnabé alichukua jiwe lililokuwa pembeni akaliweka njiani.

Nilidhani macho yamenidanganya. Akachukua jingine, kubwa zaidi, akaliweka pale pale ambapo gurudumu lingepita. Kisha jingine. Kwa wengine alikuwa mtu anayeinama tu, kama siku zote. Mimi niliyeshika baisikeli ile miaka yote ndiye niliyejua anavyookota, na mtu huyu alikuwa anaiziba njia yake mwenyewe. Hakuwa na nia ya kurudi.

Nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Okota muzuri, mwendawazimu weye!" nilipiga kelele. "Ulibakishaka jiwe kule! Bibi yako wa kwanza anakuangalia! Leo njo naiuzisha kabisa!"

Wachache wakacheka. Nikaongeza. Nilimtukana mama yake, kwaya yake, masikio yake. Nilimtukana kama mtu anayesali rozari, nikiogopa kwamba nikinyamaza tu Kalumba atatazama vizuri.

Walifika chini. Alimpa Huguette mkono wakavuka mfereji. Huguette akaketi, kama siku zote. Barnabé akapanda tuta kwenda kuangalia mahali mwendo utakapomalizikia, kama siku zote, akateremkia upande wa pili. Baadaye kidogo Huguette akainuka, akakung'uta kitenge chake bila haraka, akamfuata. Tuta likawa tupu.

"Anakawia," Kalumba alisema.

"Lini hakukawia? Ulikuwa unangoja Jumapili zote, leo uko na haraka ya nini?"

Honi ikalia. Vijana wakatazamana. Kalumba akaweka mkono juu ya kiti cha baisikeli, akakishika kama kamba ya mbuzi. "Kinga yake iko apa," alisema. "Atarudia."

Treni ikaanza kwenda. Juu ya tuta tuliona mapaa ya mabehewa yanapita polepole, watu wamejaa juu yake na magodoro yao. Kalumba alikuwa bado anatazama mteremko. Mtu mmoja nyuma akacheka, ndipo alipoelewa.

Alinipiga kofi nikaanguka. Vijana waliokimbilia chini waliteleza juu ya mawe wakarudi na magoti ya damu. Kalumba akainyakua baisikeli akaitupa mteremkoni. Ilikwenda kidogo imesimama yenyewe, kama kuna mtu juu yake, ikagonga jiwe la kwanza, ikaruka, ikavunjikia ndani ya mfereji. Nilimwona Barnabé pale chini waziwazi, ingawa hakuwepo. Nikalia kwa sauti kama mfiwa.

Na kwa kweli sikujua kama nimefiwa au la. Wengi walikufa ndani ya treni zile. Miaka ilipita bila neno, Tshiela akawa wa kubalehe mahali fulani au akawa chini ya udongo, na kila Jumapili nilikuwa naepuka kutazama kile kilima.

Mpaka alipokuja Swedi, mwenye lori anayeleta mahindi kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Alinitafuta sokoni, akanisalimu kwa adabu.

"Mama Rachelle, kule kuko muzee mumoja anatengenezaka bakinga. Yee mwenyewe anatembeaka na miguu tu. Bibi yake anamugombeza, anasema anakawia sana njiani. Amenituma nikuulize kama umekwisha kuuzisha kinga yake."

Niliketi juu ya gunia la mtu mwingine.

"Umwambie nimeuzisha," nilisema. "Umwambie ule mwendawazimu, natafutia dada yangu bwana mwingine."

Swedi alisema hawezi kumpelekea mtu mwenye mvi maneno kama hayo. Nikamwambia ayapeleke hivyo hivyo.