Herufi Kubwa za Mama Erica

Mama Erica anaunganisha waya kwa vidole. Ofisini kwetu hapa Dodoma tulidhani ni mbwembwe. Sisi wengine tunainama nyuma ya meza na tochi ya simu, tunachomeka, tunachomoa, tunatukana kimoyomoyo. Yeye anapapasa ubavu wa laptop mara moja, waya unaingia. Punde runinga ya ukutani inawaka, na skrini yake ya mezani nayo inawaka. Mimi, Cornel wa masjala, nilimwonea wivu waziwazi.

Jina lake Anastazia, mzaliwa wa Kibakwe, katibu muhtasi wetu kwa miaka ishirini na sita. Alibakiza minne astaafu. Kumbe alipapasa kwa sababu haoni. Aliniambia baadaye: presha ya macho, la kushoto limekwisha, la kulia linaelekea hukohuko. Mama yake mzazi alipofuka kwa ugonjwa huohuo, na Anastazia ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka hata chooni. Kwa hiyo aliogopa. Aliogopa siku ofisi itakapojua, imwandikie barua ya kustaafu kwa maradhi, arudi milimani kwao, naye akashikwe mkono.

Skrini ndizo zilizomficha. Runinga ilionyesha muhtasari wa kikao kwa herufi za kawaida, wajumbe wasome. Skrini yake ya pale ukumbini, iliyowapa watu mgongo, ilionyesha ukurasa uleule kwa herufi kubwa kama kiganja. Ukimuuliza anakujibu, "Nimezoea hivi," na unaona haya kuuliza tena.

Alhamisi moja tukiwa ukumbini, wajumbe kumi na wanne, umeme ulikatika ukarudi hapohapo. Runinga ilipowaka, laptop ikawa imezichanganya skrini zote, kila moja inaonyesha kitu kilekile. Ukuta mzima ukajaa neno moja: WALIOHUDHURIA.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na hilo linaniuma mpaka leo.

"Mama Erica, punguza hizo herufi," alisema Mkurugenzi Wambura kwa utani. "Hatujazeeka kiasi hicho."

Alipunguza. Jasho lilimtoka puani, na ukumbi ulikuwa na ubaridi. Alijua namna ya kuzitenganisha skrini tena, alishafanya mara mia, lakini kwa herufi ndogo zile hakuona hata pa kubonyeza. Kumwita mtu amsaidie hakuthubutu. Aliweka mikono mapajani akaibana.

"Haya, tusomee ajenda namba nne, twende haraka."

Namba nne aliichapa mwenyewe Jumatatu, na kichwani alikuwa nayo yote. Akainua uso kuelekea runinga, akasoma kwa sauti yake ileile iliyonyooka: "Ziara ya Chamwino itafanyika mwezi wa sita, na magari mawili yatatumika."

Ukutani paliandikwa kwamba ziara ni ya Mpwapwa, mwezi wa nane. Mkurugenzi alikuwa ameibadilisha asubuhi, akiwa ameketi kwenye laptop hiyohiyo wakati Mama Erica amekwenda kuchemsha chai. Alisahau kumwambia.

Hakuna aliyekohoa. Mimi nilitazama ukuta, nikamtazama yeye, nikatazama ukuta tena. Nilikumbuka vidole vinavyopapasa, nikakumbuka jinsi anavyonisubiri nimsalimu kwanza ndipo ataje jina langu, nikaelewa yote kwa mpigo.

Yeye naye aliusikia ule ukimya. "Nimekosea wapi, Mkurugenzi?" aliuliza, akikigeukia kiti cha Mkurugenzi.

Kiti kilikuwa kitupu. Mkurugenzi alikuwa ameshainuka kimya, amesimama nyuma yake.

"Hujakosea, mama," alisema. Mama Erica alishtuka kwa sauti ile kutokea nyuma, akashika meza. "Kosa ni langu. Rudisha zile herufi kubwa."

Ilimchukua muda, akitafuta vitufe kwa kupapasa. Ukuta ukajaa tena neno moja, na safari hii hakuna aliyecheka. Tulisoma hivyo, neno kwa neno, mpaka ajenda zikaisha. Kuhusu barua ya kustaafu Mkurugenzi hakusema lolote, wala yeye hakuuliza.

Miaka yote alitoka ukumbini wa kwanza, mbio, kama mtu asiye na shida. Siku ile alisubiri wote watoke. Kisha akanyoosha mkono upande wangu. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, na sikuuachia mpaka nilipomfikisha mezani kwake.