Tairi la Tano

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Maana nimechoka na watu wanaoniambia, "Baba Rukia, hiyo ilikuwa njaa," au "Ulipigwa na jua la Changamwe." Jua lipi? Mimi nimezaliwa Mishomoroni, nimekulia Mishomoroni, jua na mimi tunajuana. Haya nitakayokwambia yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu zote, na wallahi sitii chumvi hata chembe.

Yote yalianza na gari. Marehemu baba aliniachia gari lake la zamani, jeusi, lenye mgongo wa duara na taa mbili kubwa mbele. Ukilipitisha mtaani, wazee walioketi barazani husimama kulitazama. Shangazi zangu walitolewa nyumbani ndani ya gari hilo siku za harusi zao, na dada zangu vilevile. Kwetu bi harusi hakutoka kwa gari jingine. Rukia, mwanangu wa pekee, tangu yu mdogo alikuwa akipanda kiti cha nyuma, akijifunika leso ya mamake na kuniambia, "Baba, endesha polepole, mimi ni bi harusi." Sasa posa ilikuwa imekuja kweli, mume mtu wa Tanga, siku imepangwa, na gari halina miguu.

Matairi yalikuwa yamepasukapasuka kama visigino vya mtu asiyepaka mafuta. Fundi wangu aliyagusa kwa kidole akaniambia, "Ukitoka nayo haya, huyafikishi Nyali." Na hayakuwa matairi ya kuingia dukani ukachukua. Yalikuwa membamba, marefu, yenye ukanda mweupe ubavuni. Nilizunguka Kisauni yote, nikavuka hadi Likoni, nikarudi nikaenda Jomvu. Kila duka wananiletea matairi mapana ya siku hizi, eti yatakaa, tukate kidogo hapa, tugonge kidogo pale. Gari la baba nilivishe viatu vya kuazima? Nikawaambia hata!

Basi fundi mmoja wa pancha kule Mikindani, kijana wa bara, mcheshi, akaangalia rimu niliyobeba mkononi akacheka. "Mzae, hii saizi iliisha kitambo. Jaribu kwa yule buda wa stoo kule Changamwe, karibu na Airport. Nasikia ako na matairi ya wakoloni."

Nikaazima pikapu ya shemeji yangu. Ile pikapu, nakwambia, ikizima haiwaki mpaka isukumwe na watu. Liweke hilo akilini. Nikaswali alasiri, nikatoka, nikafuata maelekezo mpaka kwenye kichochoro chenye maghala ya bati. La mwisho lilikuwa wazi. Nikaiacha pikapu inanguruma mlangoni, nikasema nikiona hakuna kitu nageuza naondoka.

"Hodi!"

"Karibu. Ndoo, ingia ndani, mwanangu."

Ndani kulikuwa na ubaridi, na harufu ya mpira na poda, ile poda ya kupaka watoto. Matairi yamesimamishwa safu kwa safu juu ya mbao, kila moja limefunikwa kitambaa cheusi. Kwa mbali alikuja mzee mwembamba, kikoi na kofia, mikono yake myeupe kwa poda mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kimvita kile cha watu wa kale, hata nikamkumbuka nyanyangu.

Mungu anisamehe, nilimpenda. Nilimwonyesha rimu, akaishika kama mtu anayemshika mtoto wa jirani. Akaniambia tairi halilazwi fungu, la chini hupondeka. Halianikwi juani, halikai karibu na mashine. Husimamishwa, likapakwa poda, likafunikwa, na likageuzwa robo duara kila wakati wake. "Likisahauliwa mahali pamoja laota bapa," akasema, "na likishaota bapa halina dawa." Kisha akafunua vitambaa vinne, na hayo hapo matairi yangu, meusi ti, ukanda mweupe umeng'aa kama jana ndiyo yametoka kiwandani. Nikataka kumbusu!

"Ni ya nini?" akaniuliza.

"Ya harusi, mzee. Ya mwanangu."

"Harusi? Basi chukua. Mimi nataka unisaidie kitu kimoja tu."

Akanipeleka mwisho wa ghala. Kulikuwa na tairi moja peke yake, halina kitambaa, limesimama juu ya kigoda chake. Akaliinua kwa shida. "Tairi lino ni amana. Mwenyewe aliniwekea, akasema yuaja kulichukua. Hakuja. Mikono yangu imechoka, mwanangu. Nishikia. Utanipokelea amana yangu?"

Sasa wewe niambie. Mzee mwenye mvi, aliyekufungulia mlango, aliyekupa alichokuwa nacho, anakuomba umshikie kitu kizito. Ungesema nini? Ungeanza kumhoji? Tumelelewa vipi sisi? Nikanyoosha mikono nikasema, "Nimepokea, mzee."

"Umeipokea amana?"

"Nimeipokea, inshallah."

Alishusha pumzi ambayo sijapata kuisikia kwa mtu aliye hai. Nikatazama mikono yake: ile poda imeondoka yote, ngozi safi. Nikatazama yangu: nyeupe mpaka kwenye viwiko. "Niwie radhi," akasema, "nakwenda kutawadha." Akatembea kuelekea mlangoni, na kila hatua mgongo wake unanyooka. Alipokanyaga nje nikamsikia akisema Alhamdulillahi, kisha akacheka, kicheko cha mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza. Mlango ukajifunga taratibu, hata haukupiga kelele.

Nikangoja. Nikasema mzee anatawadha, wazee huchukua muda. Nikalirudisha lile tairi juu ya kigoda, nikachukua mawili kati ya yale manne, moja kila bega, nikaelekea mlangoni. Nikaenda. Nikaenda. Safu ya matairi, safu ya matairi, kitambaa cheusi, kitambaa cheusi, na mara nikajikuta nimesimama mbele ya kigoda kile kile, tairi la tano linanitazama.

Nikajicheka. Nimepotea ndani ya stoo, mtu mzima! Nikashika njia ya pili. Nikarudi pale pale. Nikaacha mizigo, nikakimbia mikono mitupu huku nikisoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikarudi pale pale. Nikapanda juu ya mbao niyafikie mabati. Nilivyopanda, ndivyo paa lilivyokwenda juu. Nikapiga kelele nikamwita mzee, nikamwita Mama Rukia, nikamwita marehemu baba. Na jambo lililonivunja kabisa ni kwamba muda wote huo naisikia pikapu ya shemeji inanguruma nje, karibu, ningeweza kuirushia jiwe. Nilikaa chini nikalia. Sioni haya kukwambia. Nililia kwa sababu nilimwona Rukia amevaa, amepakwa hina, amekaa anamngoja baba yake, na watu wanamwambia baba yako ametoroka.

Sijui nilikaa humo kiasi gani. Nililala, nikaamka, nikalala tena. Kiu ilinikausha ulimi. Kila nikiamka lile tairi lilikuwa linatoa sauti, kama ubao unaolemewa, mpaka siku moja, au saa moja, Mungu ndiye ajuaye, nikaona nimeinuka mwenyewe nikaligeuza robo duara. Likanyamaza. Na hapo akili ikaniingia. Nilikuwa nimejaribu kutoka na kila kitu isipokuwa hilo. Nikaliteremsha kigodani, nikalisukuma mbele yangu kama tulivyokuwa tukisukuma rimu utotoni, na mlango, ndugu yangu, ulikuwa hatua chache tu mbele.

Nje jua lilikuwa pale pale nilipoliacha. Pikapu inanguruma. Yale manne niliyakuta yameegemezwa kando ya mlango, nikayapakia pamoja na la tano nikaondoka bila kuangalia nyuma. Nyumbani Mama Rukia alinifungulia mlango, akanishika kidevu, akarudi nyuma. "Baba Rukia! Si umenyoa leo asubuhi wewe?" Ndevu zilikuwa zimenifika kifuani. Yeye ni shahidi, muulize. Tangu siku hiyo haniulizi kitu, ananitazama tu mikono.

Kesho yake nilikwenda kulirudisha. Unafikiri mimi mjinga? Ghala lilikuwepo, mlango umefungwa kwa kufuli lililoota kutu. Askari wa ghala la jirani akaniambia tangu aandikwe kazi hajaona mtu akiingia wala kutoka humo. Nilichungulia kwenye tundu la bati. Sakafu tupu, na popo.

Harusi ilifanyika. Hiyo siwezi kuilalamikia. Gari la baba lilitoka Mishomoroni limesimama juu ya matairi meupe ubavuni, wanawake wanapiga vigelegele, na Rukia nyuma akaniinamia sikioni: "Baba, endesha polepole, mimi ni bi harusi." Nilitokwa na machozi, watu wakadhani ni ya furaha peke yake. Wiki hiyo hiyo mumewe akamchukua Tanga.

Mimi Tanga sijafika. Lile tairi lazima ligeuzwe kila magharibi, na mikono ya kuligeuza ni yangu. Nilipojaribu kulipuuza, nilifungua mlango wa chumba changu cha kulala nikaona safu za vitambaa vyeusi. Nilirudi nyuma nusura nivunjike shingo, nikalikimbilia. Rukia alipojifungua nikasema liwalo na liwe, nalitia ndani ya buti la gari naenda nalo. Tukavuka feri salama. Tulipofika juu Likoni gari likazima. Fundi akaja, akafungua, akafunga, haoni ubaya. Tukiligeuza uso kurudi mjini, linawaka kwa ufunguo mmoja. Tukiligeuza kuelekea Tanga, kimya. Watu wakakusanyika kucheka. Nilirudi. Siku nyingine nikaliacha nyumbani nikaenda kwa basi. Jua lilipotua basi likasimama abiria wapate chai. Nikasukuma mlango wa mkahawa, nikapokelewa na harufu ya poda. Na tairi lenyewe lilikuwa mbele yangu, juu ya kigoda chake. Nilitoka nalo, nikatokea kwenye kichochoro kile kile cha Changamwe. Toka hapo sikujaribu tena.

Basi Rukia akaona baba haji, akaja yeye, na mtoto mgongoni. Mtoto wa kiume, wamempa jina la marehemu baba. Nilimbeba kutwa nzima, nikasahau kila kitu. Adhana ya magharibi ilipoanza nikashtuka, nikamrudishia mtoto, nikajikokota hadi stoo ya nyuma. Magoti yangu siku hizi si magoti. Nimeliinua nusu, ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya Rukia, yule mtoto niliyemlea vizuri, mwenye adabu kuliko wote mtaani.

"Baba, lete nikushikie. Utaumia."

Mikono yake ilikuwa imeshanyooshwa. Neno moja tu lilibaki: amana. Ningelitamka, angepokea, na mimi ningetoka ule mlango mgongo umenyooka, na wallahi, kwa pumzi moja, nusu ya pumzi, moyo wangu ulilitaka hilo.

Nilimfokea. Nilimwambia toka, usiguse, ondoka nyumbani kwangu, kwa sauti ambayo hajapata kuisikia tangu azaliwe. Mtoto akaanza kulia, mamake naye akalia. Asubuhi walipanda basi. Alinishika mkono akasema, "Shikamoo, baba," bila kuniangalia usoni. Mpaka leo anadhani baba yake hamtaki. Nami siwezi kumweleza. Namjua. Nikimweleza tu, atarudi na basi la kwanza kuja kunipokea.

Kwa hiyo nisikilize wewe usiye mwanangu, maana wewe naweza kukwambia. Mtu akikwambia nishikie, hata awe mzee, hata awe mwema, muulize kwanza ni cha nani na mwenyewe anarudi lini. Akikuona huna adabu, akuone. Usinyooshe mikono.

Unasikia? Wanaadhini. Kaa hapo hapo barazani umalize kahawa yako, usinifuate nyuma. Na nikikuita kutoka huko, nikikwambia magoti yameniishia, nikikuomba kwa jina la baba yako unishikie mara moja tu, nakuomba sasa hivi nikiwa bado na akili yangu: kataa.